Mama Hakulia Matangani

Wajukuu wangu huziba pua nikifungua mfuko wa unga kutoka Masaba. Ni unga wa muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, ukaparwa, ukaanikwa juu ya mwamba, kisha ukasagwa pamoja na mtama. Una harufu ya uchachu ambayo asiyeizoea hudhani kuna kitu kimeoza jikoni. Mimi nikiinusa hubaki nimeduwaa, kijiko mkononi, kwa sababu ndiyo harufu iliyokuwa mikononi mwa mama siku tulipomzika kaka yake. Siku ile iliniacha na kizunguzungu ambacho, nikisema kweli, hakijaniisha chote.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya pande zote mbili. Sisi tulikaa Masaba, upande wa Uganda, na mama alikuwa amezaliwa ng'ambo, kwa Wasamia wa Kenya, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mpaka kwetu ulikuwa kijito na njia ya ng'ombe. Kila Jumamosi mama alitia kipande cha sabuni kikapuni, akajifunga leso, akasema, “Nakwenda ng'ambo.” Nilidhani anakwenda sokoni, ingawa ilinishangaza kwamba soko hilo halikuwa na hata ndizi moja ya kumletea mtoto.

Halafu ikaja habari kwamba mjomba Wandera amefariki. Mama alisimama kidogo, akamfunika kuku kwa tenga, akaniambia nivae gauni la kanisani. Njia nzima alitembea mbele yangu.

Lazima niwaeleze desturi, maana bila hiyo hamtaona kosa lake. Kwa Wasamia, mwanamke akifika kwenye msiba huanza kulia akiwa bado njiani. Hukimbia, mikono kichwani, akimwita marehemu kwa jina na kumtajia mambo yake, na waliomo ndani hutoka kumpokea kwa kilio kikubwa zaidi. Dada wa marehemu ndiye anayetazamiwa kuliko wote. Anayeingia kimya anatiliwa shaka, na kimya cha ndugu wa damu ni kibaya zaidi, kwa kuwa watu huanza kujiuliza amejuaje kwamba angekufa, kama si yeye aliyemroga.

Mama aliingia kimya. Akasalimia wazee kwa kupiga goti, akaenda moja kwa moja penye mwili, akainama kwa muda, akatoka, akamwomba msichana aliyekuwa akisaga ampishe. Akapiga magoti penye jiwe la kusagia na kuanza kusaga.

Shangazi wa mama na marehemu, Ajiambo, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, alikuja akasimama mbele yake.

“Nafula, umekuja kusaga au umekuja kuzika? Machozi yako yako wapi?”

“Yapo, shangazi.”

“Basi yatoe! Watu wanakutazama. Wanasema mkono wako una kitu. Kama hulii, kaburini hufiki. Mimi nimesema.”

Mama aliongeza mtama juu ya jiwe. “Ya watu ni ya watu, shangazi. Siwezi kuwafunga midomo. Lakini hawa wote watakula nini?”

Jamani, niliogopa. Nilijua mama ametoka mbali kumzika kaka yake, na sasa angezuiwa kutupa hata konzi ya udongo. Juu ya hapo niliingiwa na wazo baya zaidi: je, kama ni kweli? Nilimtazama, uso mkavu kama siku ya kawaida tu, nikajiuliza kama mimi nikifa atasaga vilevile.

Nikaamua kumsaidia. Kulia nilikujua, maana na wenzangu tulikuwa tukizika panzi kila mara na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kilio. Nikaweka mikono kichwani, nikazunguka ua nikipiga ukemi, “Mjomba wangu! Mjomba wangu!” Tatizo ni kwamba sura ya mjomba sikuikumbuka, kwa hiyo nilimfikiria mbuzi wetu aliyeliwa na fisi, na machozi yakaja kwa wingi. Badala ya kumwokoa mama, nilimharibia. Nikasikia mwanamke mmoja akisema, “Ona, mtoto analia, mama mtu halii.”

Mama alinishika bega kwa mkono uliojaa unga. “Unamlilia nani?”

“Ninakulilia wewe, ili usifukuzwe.”

“Basi nyamaza, mwanangu. Cha kwangu nitakibeba mwenyewe.”

Walipokuja kuubeba mwili, Shangazi Ajiambo alijipanga njiani na wanawake wengine wawili. Mama alisimama mbele yao, hakusukuma, hakugeuka. Hapo ndipo mjane alipotoka nyumbani. Alikuwa mtu wa Paya, huko Tororo, na Kisamia chake kilikuwa cha kuokoteza, hivyo akasema kwa Kiswahili cha kwao.

“Wacha yeye napita! Mume yangu nakohoa damu, nyinyi yote nakimbia. Nafika mwisho kwa barabara, nauliza, ‘Bado iko hai?’ Huyu wifi nakuja kila Jumamosi na sabuni yake. Naogesha yeye, nafua nguo ya damu, nakwenda. Nyinyi nalia leo. Ile siku nalikuwa wapi?”

Kisha Shangazi Ajiambo, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi, akamkumbatia mama kwa nguvu. “Nafula wetu! Mtoto halisi wa nyumba hii! Nilijua tangu zamani!”

Nilimtazama mama nikitegemea kumwona akifurahi, au angalau akimnunia. Uso ulikuwa uleule wa asubuhi. “Asante, shangazi,” akasema. “Tuwafuate, wanatuacha.” Akatupa udongo wake kaburini, akarudi, akapika ugali wa watu wote.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kuitwa mchawi hakulia, kusifiwa hakucheka. Nilianza kuamini kwamba mama yangu hasikii kitu, kwamba ndani yake hamna mtu.

Siku ya pili yake tukarudi. Tulipofika kijitoni aliinama kunawa uso, kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akaniuliza, “Nekesa, wewe unaona nilimpenda mjomba wako?”

Nilifikiri sana, kwa sababu alinifundisha nisiseme uongo.

“Sijui, mama.”

Akageuka kunitazama. Kisha akaketi pale pale kwenye majani mabichi, akalia. Alilia kwa sauti, akamtaja kaka yake kwa jina, akataja walivyokuwa wakichunga pamoja na jinsi alivyokuwa mwepesi kama mtoto alipombeba kumtia kwenye beseni. Wapita njia walisimama kutazama, naye hakuwajali, kama vile hakuwa amewajali wa jana. Mimi nilisimama majini nimeshika viatu, nikijua tu kwamba nimefanya kitu ambacho shangazi na ukoo mzima walishindwa kukifanya, na sikujua ni kitu gani.

Nilikuja kuelewa nilipopata watoto wangu mwenyewe. Nilikuwa nimedhani mama alikuwa na moyo usioguswa. Kumbe yote aliyasikia, moja baada ya jingine, na kila neno alilipima kama linamhusu. La shangazi halikumhusu, la kuchafua wala la kusifu, akaliacha lilipoangukia. La kwangu peke yake, mtoto asiye na meno ya mbele, ndilo aliloliomba kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nikamjibu kwamba sijui.