Padi Kwenye Dirisha la Barazani

Mashine ya gemu ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa na waya mfupi, na mpaka leo naamini ufupi wa waya ule ndio uliotulea mimi na kaka yangu. Baba aliinunua msimu ambao kahawa ilikubali, akaileta nyumbani kwetu Mbozi ikiwa ndani ya gunia la mbolea ili majirani wasione. Lilikuwa boksi la kijivu, zito, lenye mdomo wa kuchomeka kaseti. Kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha, na kila mtu nyumbani alijiona yeye ndiye mwenye pumzi inayofaa. Padi zake, yaani vile vishikio vyenye vitufe vya kuchezea, zilifungwa kwenye boksi kwa waya usiofika hata katikati ya sebule. Kwa hiyo tulikaa mkekani bega kwa bega, tukipigana viwiko, tukivutana mpaka boksi linaanguka na gemu inaanza upya. Umeme ukikatika ndiyo basi, jasho lote la jioni ile limepotea bure.

Basi mume wangu alipovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na mashine hiyohiyo iliyoundwa upya, furaha yangu haikudumu. Umbo lilikuwa lilelile, rangi ileile, vitufe vilevile vyekundu, ila ilikuwa imesinyaa mpaka inaenea kiganjani, nyepesi kama kisahani cha sabuni. Mdomo wa kaseti ulikuwa pambo tu, haufunguki. Gemu zote zilikuwa ndani tayari. Padi hazikuwa na waya, zilitumia betri, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba unaweza kucheza ukiwa hata chumba kingine. Kwenye mashine yenyewe kulikuwa na kitufe kidogo ambacho ukikibonyeza gemu inajihifadhi pale ulipofikia, umeme ukatike usikatike. Nilimwambia mume wangu kwamba waliounda kitu hiki hawakuwahi kuwa na kaka. Alicheka, akasema mimi nalalamikia hata zawadi. Hakukosea, na wala sijaacha.

Zawadi yenyewe ilikuwa ya kunituliza. Nilikuwa mjamzito, na mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika nikiwa peke yangu ndani ya nyumba hii ya Chapwa, hapa Tunduma. Mume wangu ni dereva wa malori. Siku ile alikuwa amekwama Kongo. Damu ilianza kutoka, nikaita, hakuna aliyesikia. Nilipofikishwa kituo cha afya hakukuwa tena na cha kuokoa. Tangu hapo nilichoogopa si uchungu wala hospitali. Niliogopa kubaki peke yangu muda utakapofika. Mama yangu hakuweza kuja, alikuwa anamuuguza bibi kule Mbozi. Ndipo mume wangu akamleta baba yake kutoka milima ya Ileje aje kukaa nasi.

Kwa mtu asiyejua mila za ukoo ule, jambo hilo lingeonekana limekwisha. Wakwe zangu ni Wandali wanaoshika mambo yao. Kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawaketi chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawaongei moja kwa moja. Mzee akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Nikisikia kikohozi chake koridoni, najifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta. Mimi ni Mnyiha, nyumbani kwetu heshima ya mkwe ipo lakini haikufungi miguu kiasi hicho, na mwanzoni nilikereka kweli kweli. Nilikuwa nimeomba mtu wa kukaa nami, nikaletewa mtu wa kujificha naye.

Mume wangu akiwepo ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Akisafiri, mzee alimfanya kuku kuwa mjumbe. Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyependa kushinda barazani, na mzee alikaa naye pale kwenye kiti chake, fimbo ikiwa imelala mapajani. "Wewe kuku," angesema kwa sauti ya kunifikia jikoni, "waambie walio ndani kwamba mvua inakuja na nguo ziko kambani." Nami nilianua nguo, nikamjibu kuku kwamba ahsante, ameeleweka. Chakula niliweka juu ya kigoda mlangoni, nikaondoka, naye akakichukua. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Lakini mzee hakuwa na raha, na mimi niliona. Kijijini kwake alikuwa bingwa wa drafti. Hapa Chapwa alitazama barabara tu. Halafu kuna siku mama jirani, Mnamwanga mmoja mcheshi anayevusha mchele kwenda Zambia, aliniambia kwamba mzee amefunga begi lake. Alikuwa amempigia mwanawe simu kumweleza kuwa anarudi Ileje, kwa sababu amemgeuza mke wa mtu kuwa mfungwa wa jikoni, na mjamzito anahitaji kupumzika sebuleni kwake bila kurukaruka kama digidigi. Mume wangu akamwomba asubiri arudi kutoka safari. Mzee alikubali kusubiri, ila begi hakulifungua.

Sikulala vizuri baada ya kusikia hayo. Nilimlaumu mzee, nikailaumu mila, nikamlaumu na mume wangu aliyeoa mbali halafu akaajiriwa mbali zaidi. Muda wangu ulikuwa umekaribia. Mzee akiondoka, narudi kulekule kwenye kuita bila kusikiwa.

Mchana mmoja, kwa hasira za kukosa la kufanya, niliwasha ile mashine. Runinga yetu iko ukutani, mkabala na dirisha la barazani. Korido ya kwenda jikoni inaanzia ubavuni mwa dirisha hilohilo, nyuma ya pazia. Nilivuta stuli, nikakaa koridoni pazia likiwa wazi kidogo, kwa sababu mzee alikuwa nje na sikutaka anione. Nikachagua gemu ya vifaru ambayo nimeicheza tangu utoto: ngome ya matofali iko chini, maadui wanashuka kutoka juu, wewe unailinda. Kwa mazoea ya kucheza na kaka, nilichagua wachezaji wawili. Kifaru changu cha njano kikaanza kazi. Cha kijani kilibaki kimesimama, maana hakikuwa na mtu.

Kisha cha kijani kikasogea.

Niliiweka padi yangu chini nikadhani mashine imeingia wazimu. Cha kijani kikasogea tena, kikagonga ukuta, kikageuka, kikafyatua risasi hewani. Ndipo nikakumbuka kwamba padi ya pili mume wangu aliiacha kwenye kizingiti cha dirisha, siku alipokuwa akimwonyesha baba yake namna ya kucheza kabla ya kuondoka. Mzee alikuwa ameichukua. Alikuwa anacheza kutoka barazani, kupitia nondo za dirisha, na mimi nacheza kutoka koridoni. Tulikuwa tunatazama upande mmoja, ukuta ukiwa katikati yetu, na hakuna mila iliyovunjika. Nilicheka peke yangu mpaka tumbo likauma.

Hakuwa mchezaji mzuri. Alinipiga risasi mimi kuliko maadui, na kwenye gemu ile ukimpiga mwenzako kifaru chake kinaganda kwa muda, hakiendi popote. Kila akinigandisha nilimsikia akimwambia kuku pole. Lakini mtu wa drafti ni mtu wa drafti. Baada ya muda alijifunza njia wanazopenda maadui, akawa anawasubiri kwenye kona. Tukagawana bila kuambiana: kushoto kwangu, kulia kwake. Ikawa ndiyo kawaida yetu ya kila alasiri. Nikishaosha vyombo naiweka padi yake kizingitini, narudi nyuma ya pazia, nasikia kiti chake kikisogezwa.

Nilifanya kosa moja ambalo nadhani ni mkamwana wa Kindali tu angelifanya. Niliona nina pointi nyingi kumzidi mzee, nikajiambia ni utovu wa adabu. Nikaanza kumwachia maadui, nakaa pembeni kama niliyechoka ili yeye ndiye aongoze. Hakuchukua muda kugundua. Jioni yake mama jirani aliingia jikoni akiwa amejishika mdomo, akanipa ujumbe kwamba mzee anauliza kama mimi ni mgonjwa, na kama si mgonjwa, basi niache kumchezesha kama mtoto. Kesho yake nilimshinda bila huruma. Nilimsikia barazani akipiga goti lake kwa furaha.

Begi alilifungua. Mama jirani ndiye aliyeona mashati yake kwenye msumari, akanipenyezea habari. Nikawashukuru kwa sauti wale watu wa mbali, nisiowajua, waliokaa wakafikiria namna ya kuiunda upya mashine ya zamani, wakaamua kukata waya. Mlemle nilimowatukana ndimo walimonisaidia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua kubwa, ile ya Tunduma ambayo ikipiga bati huwezi kusikia hata mawazo yako. Mume wangu alikuwa njiani anarudi, amenaswa kwenye foleni ya malori upande wa Zambia. Tulikuwa tunacheza. Nilihisi maumivu kiunoni, nikayapuuza. Yakarudi kwa nguvu, padi ikaniponyoka, nikateleza kutoka kwenye stuli hadi sakafuni. Nilipotazama niliona damu. Damu ileile ya mara ya kwanza. Nikaita. Bati likaimeza sauti yangu, nikaita tena, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Niliwaza kwamba basi, ni yaleyale, nitafia humu au mtoto atafia humu.

Kutoka pale sakafuni niliiona runinga. Kifaru changu cha njano kilikuwa kimesimama uwanjani, maadui wanashuka. Mzee bila shaka alidhani amenigandisha, maana cha kijani kilisita kwanza, kikasubiri nizinduke. Sikuzinduka. Basi cha kijani kikaacha upande wake wa kulia, kikaacha ngome yenyewe wazi, kikaja kusimama mbele ya changu na kuanza kupiga kila kilichokaribia. Kisha picha nzima ikatulia. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo.

Mvua ilipolegea kidogo, nilisikia fimbo yake sakafuni. Akafika upande wa pili wa pazia na kusimama.

"Mama," aliniita, na safari hii kuku hakuwepo, "ni kifaru kimesimama au ni wewe?"

"Ni mimi, baba," nilisema. "Damu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyowahi kuambiana. Alipaza sauti kumwita mama jirani, sauti ambayo sikujua anayo, kisha pazia likafunguka naye akaingia kinyumenyume, mgongo wake ukiwa kwangu, uso ukitazama alikotoka. Alikuwa amenyoosha fimbo nyuma yake. Nilielewa bila kuambiwa. Nikaishika ncha ya fimbo kwa mikono yote miwili, naye akaivuta taratibu mpaka nikasimama, akanitembeza hivyo koridoni na sebuleni, yeye mbele mimi nyuma, hakugeuka hata mara moja. Mlangoni mama jirani alinipokea akiwa amelowa chapachapa, na bajaji aliyoisimamisha barabarani ilikuwa inanguruma nje. Mama jirani ndiye aliyepanda nami. Mzee alibaki barazani ameshika fimbo yake.

Mkunga aliniambia baadaye kwamba nimewahi, na kwamba tungechelewa kidogo angekuwa na habari nyingine ya kuniambia. Mtoto ni wa kike, mwenye mapafu ya kushindana na mvua. Nilipowekewa kifuani nililia sana, si kwa uchungu. Nililia kwa kushukuru.

Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa ameshafika, nyumba imejaa watu wa kupongeza, na mzee yuko barazani mwake, ametazama barabara kama kawaida nilipopitishwa mlango wa nyuma. Mume wangu alimpelekea mjukuu. Nilimsikia akimsalimia mtoto kwa Kindali kwa muda mrefu. Sikuyaelewa maneno yote, lakini hakuna aliyehitaji kunitafsiria.

Watu walipopungua, nilikaa kwenye stuli yangu nyuma ya pazia, mtoto akinyonya, nikaiwasha mashine kwa mkono mmoja. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa tangu siku ile, mume wangu alinieleza, kwa hiyo nilitegemea kuanza mwanzo. Haikuanza mwanzo. Picha ilitokea vilevile tulivyoiacha: ngome ikiwa wazi, maadui wameganda hewani, kifaru changu cha njano kimesimama, na cha kijani kikiwa mbele yake. Mtu alikuwa ameingia sebuleni nilipoondoka, akakibonyeza kile kitufe kidogo nilichokidharau.

Nje nilisikia kiti kikisogezwa karibu na dirisha.

"Wewe kuku," mzee alisema, "mwambie mama asiharakishe. Mimi nimesimama hapahapa."