Malisebo Alipouliza Familia ni Nani

Malisebo alikuwa ameuguza watu kumi na wanne kule milimani Mokhotlong, bila mshahara, na kila mmoja wao alikuwa amemjia ndotoni. Wa kwanza alikuwa mumewe, aliyerudi kutoka migodini amekonda, akafa kabla dawa hazijafika kliniki. Yeye mwenyewe alipopimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Akaanza dawa, mwili ukarudi, akaendelea kuwaogesha wengine.

Majira ya baridi yalipoingia ikaja habari kwamba serikali inaandika upya mpango wa taifa wa UKIMWI, na kila wilaya impeleke mkutanoni mtu mmoja anayetunza wagonjwa. Nesi akalipeleka jina la Malisebo. Shemeji yake, Tseliso, akamtania kwamba anakwenda kuwafundisha wakubwa kusonga ugali. Malisebo alimwomba tu amwangalie jirani yao Lekhooa, mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, kwa siku tatu. Tseliso, ambaye hakuwahi kumgusa mgonjwa, alikubali shingo upande.

Ukumbi wa mkutano huko Maseru, mji mkuu, ulikuwa na joto, na Malisebo hakuzoea kukaa bure. Macho yakawa mazito. Sauti za waliokuwa wakisoma rasimu ya mpango zikamfikia kama zinatoka chini ya maji. Katika weupe wa karatasi aliona theluji ya kwao, na wanawake wakipita juu yake na ndoo vichwani, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuacha nyayo.

Mwenyekiti, Ramoeletsi, ambaye wote walimwita Ntate, yaani baba, akasoma: "Familia itabeba jukumu la kumtunza mgonjwa nyumbani." Watu wakafunua ukurasa. Malisebo akajikuta amesimama.

"Samahani, Ntate. Familia ni nani?"

Akaambiwa kwa upole kwamba ni ndugu wa mgonjwa.

"Nimeingia nyumba nyingi, huyo familia sijamkuta. Nimemkuta mama. Nimemkuta bibi. Nimemkuta binti wa darasa la sita kaachishwa shule. Wanaume walikuwa nje wanaota jua, na hakuna aliyewaita ndani."

Mtu alicheka kidogo. Ramoeletsi aliweka karatasi chini, akamgeukia.

"Wewe ungeandikaje, 'M'e?" akauliza, akimwita mama kwa Kisotho.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifumba macho, akasema polepole kwamba waandike kwamba mwanamke na mwanamume wafundishwe sawasawa, msichana arudishwe shule, na anayetunza apewe glavu na posho. Posho ilibishaniwa hadi jioni, ikaahirishwa. Mengine yaliandikwa.

Alirudi akipanda mlima kwa farasi ndani ya ukungu, mnyama akiijua njia kuliko yeye. Kwa Lekhooa alimkuta Tseliso amepiga magoti kando ya beseni, mikono ya shati imekunjwa, anamwosha mzee miguu.

"Shemeji, huyu mtu mzito. Ulikuwa unamgeuzaje peke yako?"

Akamwonyesha: mkono mmoja begani, mwingine nyongani. "Lakini kwanza mwambie kwamba unamgeuza. Usimshtue."

Lekhooa, akiwa amefumba macho, akawaambia wamalize masomo yao, maji yanapoa.

Mwaka uliofuata, mafunzo ya kutunza wagonjwa yaliyoandikwa kwenye mpango yalipofika kliniki, walijiandikisha wanawake kumi na mmoja na wanaume watatu. Tseliso alikaa nyuma kabisa, blanketi alilojitanda limempanda hadi puani, asijulikane. Malisebo alimwona, akamwacha ajifiche hivyohivyo.