Maharagi ya Muzee Daudi

Nakumbuka siku moja hapa wilayani Nchelenge, kando ya ziwa, mwanangu, kwaya nzima ilinicheka mupaka nikalia. Wewe unayetaka kuacha shule hapa kambini Mantapala kwa sababu ya hesabu, kaa chini usikilize.

Nilikuwa binti wa muvuvi aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Congo. Gita ya kopo, yenye uzi mumoja, niliiunda mwenyewe. Pasaka ilikuwa inakaribia, na Muzee Daudi, mukubwa wa kwaya, alisema nikishindwa kuipiga itakwenda kwa Musafiri, kaka yangu. Musafiri! Yule aliyesema gita si kazi ya binti!

Sasa mimi, mutoto wa muvuvi, nikapima uzi namna baba alivyofunga vyelezo vya wavu: nafasi sawa, sawa, sawa. Nikatia alama za makaa, nikawa nagusa uzi pale kwa kidole huku nikiupiga. Gita ilikoroma kama mbuzi mwenye mafua.

Kwaya nzima ikacheka, lakini Muzee Daudi hakucheka. "Mutoto, sauti haifungwi kama chelezo. Mutaka cha uvunguni sharti ainame. Njoo uiname hapa."

Akatandika mukeka, akakata uzi mwingine wenye urefu ule ule wa uzi wa gita. Akaukunja vipande viwili sawa, akaupima kando ya uzi wa gita, akaweka haragi moja nyeupe mukekani. "Gusa mwisho wa kipande cha kwanza." Ile sauti ya uzi mutupu ikarudi, lakini juu, kama mutoto aliyerithi sauti ya baba yake. Vipande vitatu: haragi nyekundu, sauti mupya kabisa. Vinne: nyeupe mbili, maana ni mbili mara mbili, na sauti ya kwanza ikapanda tena. Vitano: haragi ya njano, sauti mupya nyingine. Kwa sita akanisogezea maharagi nichague mwenyewe. Nikaweka nyeupe moja na nyekundu moja, nikagusa. Ilikuwa ile sauti ya vipande vitatu, imepanda juu! Nilipiga vigelegele peke yangu, wala sikuona haya.

"Umeona?" akasema. "Nyeupe inapandisha tu. Sauti mupya inaletwa na haragi mupya."

Nasikia vitabu vya shule vinaziita zile mbili, tatu na tano namba tasa, kwa sababu hazivunjiki tena. Tasa! Na namba za namna hiyo ndizo zinazozaa zingine zote.

Siku ya Pasaka nilipiga, hata mama wazee wakaacha viti wakacheza. Musafiri alinibebea gita mupaka nyumbani. Najivuna mupaka leo, na sitaomba musamaha.

Basi, mwanangu, hesabu ikikutisha kwa ukubwa, usiikimbie. Ivunje mupaka isivunjike tena, ndipo utajua imeundwa na nini. Haba na haba hujaza kibaba. Anayekucheka mwache acheke. Kesho atakubebea gita.

Mungu akupe vidole vyepesi na moyo usiochoka. Fungua mukono. Nyeupe, nyekundu, njano: ni zako sasa. Na usizipike!