Siku Nilikata Salamu ya Baba Mukwe

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na mikono yenye kunuka ndakala, maana asubuhi ile ningali nauza samaki ku soko la Kalemie. Shefu wa fonie alikuwa amenisikia nikiita wateja toka ng'ambo ya njia. Alisema: "Sauti hii inapita mawimbi. Lete hapa." Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, lakini sauti haifundishwi ku masomo.

Ninyi wenye telefone ku mufuko hamujui fonie. Ni redio ya kusemea, sanduku la chuma lenye kula betri ya motokari. Ukifinya mikro unasema, ukiiachilia unasikia. Mwenzako akifinya, wewe unanyamaza tu, hata nyumba ikiungua. Akimaliza anasema "a vu", maana yake zamu yako. Mutumbwi ukipata shida ku ziwa, vijiji vya pembeni viliita kwetu, na sisi tulituma boti ya kuokoa.

Zaire ile tuliitana sitwayen, maana yake raia. Shefu wangu alikuwa sitwayen mwembamba, mukali kama pilipili. Kila Ijumaa aliingia chumba cha pili na mikro yake, akajifanya mutumbwi wenye kuzama. Mara ya kwanza aliita: "Jambo, sitwayene, habari ya nyumbani? A vu."

Nikajibu vizuri, na watoto nikawataja.

Alifungua mulango. "Wamezama wote. Umewaua na salamu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Wapi, wangapi, nini. Ile ingine ni ya ku kilio."

"Hata kama ni mukubwa, Shefu?"

"Hata gavana!"

Wenzangu walinitania wiki nzima: "Mama Ndakala, leo umezika wangapi?"

Kisha walinituma Kiambi, kando ya mto Luvua, myaka mbili. Kule nilijua kwamba watu wetu hawatupi habari mbaya usoni. Muntu akisema "kuna kashida kadogo," ujue mutumbwi umepinduka. Niliporudi Kalemie nilikuwa nimeiva.

Ila kulikuwa na jambo moja. Fonie ya kijiji kimoja cha wavuvi, kusini, ilishikwa na baba mukwe wangu. Kwetu, mwanamuke hamukatii baba mukwe maneno, wala hamuulizi kama mutoto. Akiita, nilimupa mwenzangu mikro. Siku ile mwenzangu alikuwa amekwenda kuzaa.

Ilikuwa muchana. Upepo wa kusini ulikuwa unarusha mabati. Muzee akaita, akaanza: habari yangu, ya bwana wangu, ya watoto mumoja mumoja, ya kifua cha mama yangu. Alikuwa amefinya mikro, sikuweza kuingia. Sauti yake ilitetemeka. Mwishoni akasema: "Huku kuna kashida kadogo. A vu."

Nikafinya. "Papa, acha salamu! Wapi, wangapi, nini? A vu!"

Nilizani amezima. Halafu, sauti ya chini: "Mbele ya mawe meupe. Watu kumi na wane. Mota imekufa, maji inaingia. A vu."

Boti ilitoka. Ilirudi karibu na jioni, gati lote likapiga vigelegele. Mimi nilihesabu: kumi na watatu. Musimamizi wa boti alikuwa tayari anafunga kamba. "Mama, muzee wako amekosea hesabu. Upepo huu utatuua na sisi."

Shefu alinitazama. "Uliza tena."

Kumuuliza baba mukwe mara mbili! Nilirudi ku fonie, nikafinya. "Papa, una hakika ni kumi na wane? A vu."

"Binti, unaniona muongo? A vu."

"Ndiyo kazi yangu, Papa. A vu."

Akapumua. "Kuna mama mwenye kitenge cha manjano. Nilimushika mukono mimi mwenyewe akipanda. A vu."

Kati ya wale kumi na watatu hakukuwa na manjano. Shefu alitoka akapiga kelele: "Mugeuze!" Wakamukuta amekumbatia bidon tupu ya mafuta, midomo myeusi, akipumua.

Baba mukwe alikaa miezi bila kutaja jina langu. Bwana wangu alimupelekea kuku mweupe wa kuomba musamaha, akakataa. Kisha siku moja fonie ikalia: "Karibu na mto, watu saba, wimbi limevunja mutumbwi. A vu." Hakuna salamu. Boti ilipowaleta wote saba, akaita tena: "Sasa, binti, habari ya nyumbani? A vu." Nilijibu yote, mpaka kifua cha mama. Shefu alisimama ku mulango, hakunikatia.

Leo nimepumuzika kazi. Muzee amekufa, Shefu pia, na sanduku lile limekuwa kutu. Wajukuu wakinipigia telefone wakilia, nawauliza wapi, wangapi, nini, na wanasema Nkambo, yaani bibi yao, hana huruma. Waseme. Yule mama wa kitenge angali anauza mawese ku soko. Akiniona anaanza kunisalimia: miguu yangu, watoto, wajukuu, kila mumoja na jina lake, jua linatuchoma. Simukatii.