Nilimwita Fundi Mwizi kwa Sili za Trekta Langu

Sifa ni kwa Mungu, aliyenipa miaka mingi, mke mwema na shamba lenye rutuba hapa Tlawi, na bado hajachoka kunivumilia. Ndugu zangu, nimekosa. Nimekosa vibaya! Jina langu nalificha kwa aibu. La fundi nalificha kwa sababu nimeshalichafua vya kutosha.

Nina trekta kuukuu. Mwaka jana sili za ekseli ya nyuma, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke kwenye magurudumu, zilianza kuvuja zote mbili kwa pamoja. Nikamwita fundi kutoka tambarare ya Hanang. Ni mtu wa jamii ya wafugaji, baba wa watoto watatu, na wakati huo alikuwa anasoma mafundisho ya ubatizo. Mwalimu wake nilikuwa mimi, mzee wa kanisa!

Alipiga jeki, akatoa magurudumu, akavuta ekseli. Kisha akasimama akijifuta mikono.

"Mzee, sili mbili kufa pamoja si kawaida. Kuna kitu kinazisukuma kutoka ndani. Niruhusu niangalie tundu la kupumulia, kule juu."

"Kijana, nimeendesha trekta hili wewe ukiwa bado unachunga ndama. Nimekuita ubadilishe sili. Badilisha sili!"

"Sawa, mzee."

Nikaingia ndani kunywa chai. Aliponiita, kazi imekwisha, safi kabisa.

Wiki ya pili oili ikarudi kutiririka kwenye matairi. Sikujua kwamba imeshalowanisha breki. Tukashuka mteremko na tela la maharage, mke wangu amekaa juu ya magunia. Nakanyaga breki, trekta linateleza tu! Tulisimamishwa na tuta la shamba la jirani. Mama alitupwa chini, akavunjika mkono.

Jumapili, nje ya kanisa, watu wamejaa, fundi akaja kutupa pole.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitika. Ee Mungu wangu, sikuitika! Nilipaza sauti: "Mwizi! Umerudisha sili za zamani, mpya umekwenda kuuza. Mtu asiyemjua Mungu nitamwaminije?"

Huku kwetu mtu hajibizani na mzee mbele za watu, na mimi nililijua hilo nilipofungua mdomo. Alisubiri kidogo, nadhani alitegemea niitikie salamu yake, kisha akaondoka. Darasani hakuonekana tena. Wateja nao wakamkimbia, kwa kuwa mzee wa kanisa amesema.

Siku moja nilikuwa naongeza oili, mama amekaa karibu na plasta yake mkononi. Nikachomoa gunzi la muhindi kwenye lile tundu la kupumulia, kule juu. Hewa ikatoka kwa kishindo!

"Baba, linapumua kama ng'ombe aliyevimbiwa," mama akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hilo gunzi si uliliweka wewe wakati wa mavuno, vumbi lisiingie?"

Nilikaa chini, kwenye udongo. Ni mimi! Kifuniko kilipotea, nikapigilia gunzi nikajiona fundi. Kumbe trekta likipata joto, hewa inajaa ndani, na ikikosa pa kutokea inaisukuma oili mpaka inapenya kwenye sili, hata ziwe mpya namna gani. Hicho ndicho alichotaka kuangalia.

Nilipanda basi mpaka kwake, gunzi likiwa mfukoni. Nilimkuta zizini. Kabla sijafungua mdomo, akaniwahi: "Shikamoo, mzee." Marahaba yangu ilitoka na machozi. Nikampa lile gunzi. Aliligeuzageuza, akatabasamu kidogo.

"Nimekusamehe, mzee. Sili nitakuja kukuwekea tena, trekta halina kosa. Lakini kwenye mafundisho sirudi. Mke wangu ameniuliza, kwa mtu asiyeitikia salamu unakwenda kujifunza nini?"

Nilipanda basi nikarudi Tlawi.

Alikuja kweli, akaweka sili, akatengeneza na breki. Tangu siku hiyo halijavuja hata tone. Nilisimama palepale nje ya kanisa nikakiri kila kitu. Lakini wangapi walinisikia siku ile ya kwanza wakaenda kulisema neno langu minadani, na siku ya kukiri hawakuwepo? Ndiyo maana naandika. Kama umesikia kwamba kuna fundi wa trekta, mtu wa tambarare, mwizi wa sili, aliyesema ni mimi, na nilisema uongo!

Darasani nafasi yake kwenye benchi bado iko wazi. Kila Jumamosi naitazama, na somo linanishinda.

Wazee wenzangu, heshima tunayopewa tusiigeuze fimbo ya kumpigia mtu asiyeweza kutujibu. Mdogo wako akikuambia tuangalie kwanza, panda naye mkaangalie. Na ukisalimiwa, hata kama moyo unawaka, itika.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu ailinde nyumba yako, akupe ulimi mpole, na kila utakayemsalimia leo akuitikie kwa amani. Amina.