Ndege Iliyogeuzia Njiani

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Shule niliachia darasa la nne, nikachimba dhahabu Buhemba, leo nina maduka Musoma na Bunda, na kivuko cha Kisorya kilikuwaga kinanisubiri nikipiga simu tu.

Siku hiyo nilipanda ndege Mwanza kwenda Dar, ambako mama yangu alikuwa amelazwa, yuko hoi. Alitaka kunitemea mate ya baraka kichwani, mimi mtoto wake wa kwanza, kabla hajafa. Kwetu Butiama hiyo haifanyikagi kwa simu.

Tukiwa juu kabisa, vifuniko vya hewa vikadondoka mbele ya nyuso zetu na ndege ikaanza kushuka kwa kasi. Wahudumu wakavaa vya kwao, wakatuonyesha kwa mikono namna ya kuvaa. Hakuna aliyepiga kelele. Ilipotulia, rubani akatangaza kwamba mtambo wa hewa umeharibika, tunarudi Mwanza.

Nikamwita mhudumu. "Dada, mwambie rubani aende hivi hivi, chini chini. Mafuta nalipa mimi."

"Baba, hili siyo basi la Bunda," akasema kwa upole. "Funga mkanda."

Nikafunga. Tulipotua watu walipiga makofi. Nilipowasha simu, mdogo wangu wa kike akapiga hapo hapo.

"Amekuita mpaka sauti ikaisha, kaka."

Ndege nyingine sikutafuta tena. Gari la kumleta mama Butiama tumzike lilinigharimu shilingi milioni tatu, laki mbili na elfu arobaini.