Orodha ya Makaburi

Waliposema uwanja wa ndege utapanuliwa, kitongoji chetu kilikataa, na mimi nilikataa pamoja nao. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wapo waliodhani nilikuwa upande mwingine.

Ni uwanja mdogo, nje kidogo ya mji wa Same, njia moja ya changarawe ambayo siku nyingi hupitiwa na mbuzi kuliko ndege. Wakubwa walitaka njia iwe ndefu zaidi ili ndege kubwa ziweze kutua. Kurefuka kwake kulikuwa kunakuja juu ya nyumba zetu.

Tulikutana kanisani baada ya ibada. Aliyetuongoza ni mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu, aliyewafundisha kusoma karibu nusu ya waliokuwa mle ndani. Alisema nyumba inaweza kuhamishwa, shamba linaweza kubadilishwa, lakini serikali inasita mbele ya kaburi. Basi tuandike makaburi yote, tupeleke orodha.

Wanaume wakaanza kusimama mmoja mmoja, kila mtu akitaja wake. Baba yangu, upande wa mashariki, lina msalaba wa saruji. Mama yangu, jirani na kisima. Mzee mmoja alitaja kaburi la babu yake, na jirani yake akamkatiza. "Babu yako si tulimzika milimani? Au ameshuka mwenyewe?" Watu wakacheka, hata mchungaji. Mwalimu alifuta mstari mmoja, akauliza kama wameisha.

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilikuwa na mtoto katika ardhi ile, na sikusimama.

Alikuwa msichana. Alikaa siku tisa. Hakuwa amebatizwa wala kupewa jina. Kwetu, wakati ule, mtoto mchanga namna hiyo hakuwekewa jeneza wala msalaba. Wanawake walimzika wenyewe karibu na nyumba, asubuhi, bila mkusanyiko, na mama mtu alibaki ndani. Mama mkwe na wifi yangu ndio waliomchukua mikononi mwangu. Waliporudi walinawa, wakanipa uji. Mama mkwe aliniambia nisiulize alipolala, maana mama anayejua mahali atakuwa anakwenda kila siku, na hatapata nguvu ya kubeba mwingine. Nilijua tu kwamba ni nyuma ya jiko. Sikuuliza. Wala sikubeba mwingine.

Mume wangu alipofariki tulimpandisha milimani kwa baba zake, kama ilivyo kawaida yetu. Kwa hiyo upande wetu wa magharibi hapakuwa na msalaba hata mmoja. Kanisani siku ile nilijiambia kwamba wanahesabu makaburi, na mimi sina kaburi. Pia niliona aibu kumtaja mtoto asiye na jina mbele ya wanaume wenye baba zao.

Orodha ilikwenda. Miezi ikapita. Wapimaji wa serikali walipokuja walituita wakasema tumesikilizwa. Njia ya ndege haitapita tena mashariki. Wameihamishia magharibi, alisema mkubwa wao akisoma kwenye karatasi, ambako hakuna makaburi. Wanawake walipiga vigelegele. Nami mikono yangu ilipiga makofi mara mbili tatu kabla sijaelewa nilichosikia.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia. Alinivutia kiti.

"Kwa nini hukusema siku ile, mama?"

"Sikujua kama anahesabika."

Hakunilaumu. Kesho yake alinisindikiza kwa yule mkubwa wa wapimaji, naye akasema kazi haijafungwa, nimwonyeshe kaburi ataliingiza, na likiwa moja huenda likahamishwa tu. Habari ikatangulia kufika nyumbani. Jirani yangu wa upande wa mashariki, ambaye nimepika naye makande katika misiba mingi kuliko ninavyokumbuka, alinisubiri mlangoni.

"Unataka mstari urudi kwetu?" aliuliza. "Mama yangu amelala pale, unapaona. Wa kwako yuko wapi?"

Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile.

Nilipanda mlimani kumchukua wifi. Mama mkwe alikwisha kufa, na yeye ndiye pekee aliyebaki anayejua. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua, lakini alivaa viatu bila kuniuliza mara mbili. Tulishuka pamoja.

Jiko la zamani lilianguka siku nyingi. Tulijenga la pili pembeni, tukalima lilipokuwa la kwanza, na mvua za miaka zimechimba mtaro katikati. Wifi alisimama, akahesabu hatua kutoka mahali alipodhani palikuwa na mafiga, akarudi, akahesabu upya. Alionyesha mahali, kisha akatikisa kichwa akaonyesha pengine. Mwisho alikaa chini kwenye udongo.

"Wifi, nilisawazisha kwa mikono yangu. Mama alinisimamia. Kila nikimaliza anasema bado, sawazisha hata mama yake asijue. Nilifanya vizuri mno."

Nilikaa karibu naye. Hapo ndipo aliponieleza yale ambayo sikuwahi kuyauliza. Kwamba walimfunga katika khanga ya mama mkwe ya kwendea kanisani. Kwamba kichwa walikielekeza milimani. Kwamba mama mkwe, ambaye sikuwahi kuona chozi lake, alishikwa mabega na wifi akakalishwa chini kwa sababu alikuwa hawezi kusimama, na kwamba ndiyo maana walichelewa kurudi, si kwa ajili ya kuchimba.

Mpimaji alikuwa amefika, anasubiri na fomu yake. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Aliinama akaniambia polepole, "Mama, chagua popote. Mimi nitaandika."

Nilifikiria. Wangechimba pale nilipoonyesha, wangetia udongo katika sanduku, tungepanda nao mlimani, mchungaji angeomba, na mimi ningekwenda kila wiki kupalilia kaburi lile. Na yeye angekuwa amebaki huku chini ya changarawe, mama yake akimlilia mahali asipokuwepo.

"Siwezi," nikamwambia. "Andika kwamba yupo, ila hatujui alipo."

Aligeuza fomu mbele na nyuma. Akasema hakuna nafasi ya kuandika hivyo. Iko nafasi ya idadi, na iko nafasi ya hakuna. Aliniomba radhi mara mbili. Kisha akaandika, akanipa kalamu.

Nakala ninayo. Imeandikwa, makaburi: hakuna. Na sahihi iliyo chini yake ni yangu.